Hivi anayejitesa kwa hiari yake ana huruma kuliko sisi, au anajifurahisha tu?

Binti Mwanga (#1)
Habari za jioni wakuu. Hapa mtaani kwetu Mwanga, Kigoma, kuna ubishi umetushinda, nauleta kwenu.

Kuna jamaa anafunga Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima. Alfajiri anakimbia hadi Mwandiga na kurudi. Mezani hagusi samaki mpaka pilipili imtoe machozi. Usiku anaangalia tamthilia za kuhuzunisha, analia kweli kweli, na kesho yake anafungulia tena. Hakuna anayemlazimisha. Yeye anadai anayejizoesha maumivu ndiye anayeyajua maumivu ya wenzake, kwa hiyo huruma yake ni ya kweli kuliko ya sisi tunaokimbilia kivulini. Wanaompinga wanasema hiyo ni starehe kama starehe nyingine, na mwenye shida hafaidiki na chochote hapo.

Maswali yangu ni mawili. Kwa nini mtu atafute maumivu halafu ayafurahie? Na je, yanamwongezea huruma? Mimi naona jamaa ana hoja. Karibuni.

MgebukaMkavu (#2)
La pilipili ni jepesi. Ile dawa ya ndani yake, kapsaisini, inashika vipokezi vilevile vinavyouambia ubongo kwamba kuna moto, vile vinavyoamka joto likipita nyuzi kama 43. David Julius alipewa Nobeli 2021, pamoja na mwenzake, kwa kazi iliyoanzia hapo hapo kwenye pilipili. Kwa hiyo ulimi hauungui, ila ubongo unapokea taarifa ya kuungua. Mwili unatoa jasho, machozi na makamasi kupambana na moto ambao haupo.

Bwana Katonga (#3)
Hapo umeeleza kwa nini inauma. Mleta uzi kauliza kwa nini tunairudia. Mimi mgebuka wa mawese bila pilipili mbuzi siuelewi kabisa, na sijawahi kumuona mbwa akiililia.

Ticha_Kasulu (#4)
@Bwana Katonga umegusa penyewe. Mwanasaikolojia Paul Rozin alilifuatilia hilo hilo la mbwa. Alikwenda kijiji kimoja Mexico ambako mbwa na nguruwe hula mabaki ya watu yenye pilipili miaka yote. Wakipewa wachague chakula chenye pilipili na kisicho nayo, hawachagui chenye pilipili. Watoto wa kijiji hicho hicho wanaanza kwa kuikataa, wakikua wanaidai wenyewe, na hakuna anayewashurutisha.

Maelezo yake ni kwamba binadamu hufurahia pale mwili unapopiga kelele za hatari huku akili ikijua hakuna hatari. Ni raha ya akili kuushinda mwili. Humo akaingiza na filamu za kutisha, nyimbo za huzuni na bembea kubwa za kwenye maonyesho. Ukiamini kweli kwamba unaungua, raha yote inakatika. Kwa hiyo tamthilia za huyo jamaa ziko kundi moja na pilipili yake. Analia huku anajua hakuna aliyekufa.

Jangwani_Kgm (#5)
Kama raha ni kujua hakuna hatari, sisi wa Yanga mtueleze. Nilikaa jua lote Lake Tanganyika fainali ya FA ya 2020, Lwanga wa Simba akatufunga kwa kichwa, nikarudi nyumbani siongei na mtu. Hiyo ilikuwa huzuni kabisa na hakuna akili iliyoushinda mwili. Msimu ulioanza nikalipa tena kiingilio.

Mnyama wa Ujiji (#6)
Ilikuwa 2021 mkuu, tarehe 25 Julai, 1-0. Na umeiruka kadi nyekundu ya Mukoko kana kwamba hatukuiona. Machungu yenu tunayatunza sisi kwa usahihi zaidi.

Jangwani_Kgm (#7)
Endeleeni na mada wakuu 😂

NesiWaZamu (#8)
Nawarudisha kwenye swali la pili, maana ndilo linanigusa.

Wodi ya watoto, mtoto kamwagikiwa mafuta ya mawese ya moto mkono mzima. Kubadilisha bandeji ndiyo kazi ngumu kuliko zote pale. Bandeji inakuwa imeshikana na kidonda. Unailowesha kwa maji ya chumvi, unasubiri, unavuta ukingo kidogo, mtoto anapiga yowe, unasimama, unalowesha tena. Ukiharakisha unaondoka na ngozi mpya. Ukichelewa sana unamrefushia mateso. Mama yake amemshika miguu na anakuangalia wewe usoni.

Nimefanya kazi na aina mbili za wauguzi pale. Wa kwanza anaumia pamoja na mtoto, machozi yanamlenga, mikono inatetemeka, mara anaomba mwenzake amalizie. Wa pili ametulia, anamsemesha mtoto, anamuuliza jina la mbuzi wao wa nyumbani, na mkono wake haukosei. Miaka ya nyuma ningekwambia wa kwanza ndiye mwenye huruma. Leo sisemi hivyo.

Kuna utafiti wa mtafiti wa ubongo Tania Singer na wenzake wa 2004. Walichukua jozi 16 za wapenzi, mwanamke akalazwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, kisha wakawa wanapiga shoti ndogo ya umeme mkono wake au mkono wa mwenzake aliyekaa pembeni. Shoti ilipompiga mwenzake, ubongo wa mwanamke uliwaka sehemu zinazohusika na jinsi maumivu yanavyokera, ila zile zinazoeleza ni wapi pameuma na kwa ukali gani hazikuwaka. Maana yake unaumia kweli, sio maigizo, japo unaumia nusu.

Baadaye Singer akafanya kazi na Matthieu Ricard, mtawa wa Kibudha kutoka Ufaransa. Akamwambia ahisi tu maumivu ya watoto yatima aliowaona kwenye filamu, asifanye lingine. Haikuchukua muda, akachoka kabisa. Akaomba ahamie kwenye lile analolizoea, kuwatakia nafuu kwa upendo, na hali yake ikabadilika. Walipofundisha watu wa kawaida njia hizo mbili matokeo yalielekea huko huko: kuzoezwa kuumia pamoja kulileta dhiki, kuzoezwa kutakia wema kulileta hisia nzuri hata mbele ya picha zile zile za mateso.

Kwa hiyo @Binti Mwanga, jamaa yako anajizoesha kitu gani hasa? Kama ni kuumia, namhurumia.

Kibirizi Asubuhi (#9)
Dada NesiWaZamu ubarikiwe, umeandika vizuri.

Sisi tunaopakia boti za Gombe tunakua na hadithi za sokwe, na kuna moja inaingia hapa. 1966 polio iliwapiga sokwe wa Gombe. Dume mmoja mzee, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alimpa jina la Mr. McGregor, akapooza miguu yote miwili. Akawa anajikokota chini kwa mikono, nzi wamemjaa. Wenzake walipomwona walimwogopa, wengine wakamfanyia fujo. Kuna siku alijiburuta hadi kwenye mti ambako madume wenzake walikuwa wanachanana manyoya, akanyoosha mkono kuwasalimia, nao wakaondoka. Ila dume mmoja, Humphrey, aliendelea kukaa karibu naye hadi mwisho. Inadhaniwa walikuwa ndugu.

Humphrey hakuwa amepooza. Hakuna aliyemfundisha maumivu.

Ticha_Kasulu (#10)
Ongezea Flint, mtoto wa Flo. Flo alikufa 1972, Flint ana miaka minane na ushee, akakaa karibu na pale mama alipofia, akaacha kula, akafa wiki chache baadaye.

Pia kuna kima wa Jules Masserman, 1964. Akivuta mnyororo anapata chakula, lakini mwenzake chumba cha pili anapigwa shoti. Wengi waliacha kuvuta ule mnyororo. Mmoja alikaa siku 12 na njaa yake kuliko kumuumiza mwenziwe. Hayo mateso ya kuchagua mnayaitaje? Raha haipo humo.

Muha Halisi (#11)
Siku 12? Hiyo chai.

Ticha_Kasulu (#12)
Iko kwenye maandishi yao mkuu, katafute. Unaloweza kubishia ni tafsiri. Pengine kelele za mwenzake zilimuogofya tu, na kuacha mnyororo ilikuwa njia ya kuzima kelele. Hoja hiyo ina nguvu na haijafa mpaka leo.

MgebukaMkavu (#13)
Msiwafanye sokwe malaika. Hao hao wa Gombe walipogawanyika, kundi la Kasakela liliwafuata wenzao wa kundi la Kahama mmoja mmoja na kuwamaliza, 1974 hadi 1978. Walikuwa wamekula na kuchanana manyoya pamoja miaka. Kumhisi mwenzako kunaishia pale unapoacha kumuona ni mwenzako.

Mzee Livingstone Road (#14)
Wanangu, nimesoma yote kwa utulivu. Naomba nirekebishe jambo moja kuhusu funga, maana mmeiweka kapu moja na pilipili.

Anayefunga hatafuti njaa. Njaa inakuja yenyewe. Tumeambiwa tufunge ili tumche Mungu. Mtu akifunga ili aone raha ya kushinda njaa, hiyo ni riadha. Na angalieni Ramadhani inavyofungwa: haiishi kwa kusikia njaa ya maskini halafu basi, inaishia na zakatul-fitri, kipimo cha chakula, na kinatakiwa kitoke kabla ya swala ya Idi. Waliotutangulia hapa Ujiji walihakikisha hakuna nyumba inayoamkia Idi bila kitu jikoni. Njaa peke yake haikuachiwa imfundishe mtu huruma. Imewekewa na kipimo mkononi.

Paroko Msaidizi si Mimi (#15)
Shikamoo mzee. Kwaresima ni hivyo hivyo: kufunga, sala na sadaka vinakwenda pamoja. Ukiondoa sadaka umebaki na kupunguza mwili.

Mtumbwi Namba Moja (#16)
Nakuja na upande mwingine, na nina ushahidi wa ziwani.

2015 mtafiti Ruttan na wenzake Marekani walichukua watu waliokuwa wanajitumbukiza kwenye ziwa la baridi kali kwa hiari. Wakawasomesha habari ya mtu aliyefika ukingoni akaghairi. Wengine walisoma kabla ya kuingia majini, wengine wiki moja baada ya kutoka. Waliokwisha kuingia majini walimhurumia kidogo kuliko ambao hawajaingia. Walikuwa na dharau zaidi. Walijaribu pia kwa watu waliowahi kukosa kazi na waliowahi kuonewa, ikawa vile vile: aliyepita kwenye shida fulani akaimudu anakuwa mkali kwa anayeshindwa shida ile ile. Kishavuka, kasahau ugumu wake, na anajua tu kwamba inawezekana.

Sasa nendeni kwenye mtumbwi wa dagaa usiku wa giza. Kijana mpya, wimbi la kusini limeanza, anatapika na hawezi kuvuta wavu. Anayemsema vibaya kuliko wote ni yule aliyetapika msimu uliopita. Mpishi ambaye hajawahi kushika kamba ndiye anampa maji.

Binti Mwanga (#17)
Aisee @Mtumbwi Namba Moja, hii imegonga msumari kwenye hoja ya jamaa. Wengine mnasemaje?

Ticha_Kasulu (#18)
Mimi simkatii tamaa jamaa. Mtafiti Dimitris Xygalatas alifanya utafiti Mauritius kwenye sherehe ya Wahindu wa Kitamili inayoitwa kavadi. Watu wanajichoma sindano na mikuki midogo mwilini na mashavuni, wanabeba mzigo mzito na kupanda mlima hadi hekaluni juani. Baada ya ibada wakapewa fedha na nafasi ya kuchangia hekalu kwa siri. Waliopita kwenye maumivu walichangia zaidi kuliko waliotoka kwenye sala ya kawaida, na kadiri mtu alivyosema aliumia ndivyo alivyotoa zaidi. Hata waliosindikiza tu bila kuchomwa sindano walitoa kwa wingi. Matokeo yalitoka 2013.

Tofauti na lile ziwa la baridi ni kwamba hapa waliumia pamoja, kwa nadhiri, na hakuna aliyekuwa akimhukumu aliyeghairi.

Muha Halisi (#19)
Au walichangia kwa sababu ni hekalu lao. Wangeombwa wachangie msikiti?

Ticha_Kasulu (#20)
Swali la haki kabisa, na linarudi kwa MgebukaMkavu na Kahama yake.

Mama Mawese (#21)
Nimenyamaza tangu juu, sasa nasema. Mnazungumza mateso kama watu mnaoyachagua. Mateso ya kuchagua ni ya mwenye chakula ndani. Jamaa wa Mwanga njaa yake ina mwisho, magharibi atafuturu. Mwanamke anayeshinda juani kwenye mtambo wa mawese, moshi machoni, na jioni hajui watoto watakula nini, hiyo njaa haina adhana ya kuimaliza. Zina jina moja tu, ila hazifanani. Ukiwa na uwezo wa kusema "basi, naacha", maumivu yanapungua nusu hapo hapo. Ndiyo maana simwamini mtu anayeniambia amenielewa kwa sababu alishinda njaa kwa hiari.

Na la pili. Mwaka 2015 Warundi walipojaa Kagunga, tuliwaona wanashushwa hapa na meli ya Liemba, wanapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kikaingia. Sikuwa nimefunga wala kukimbia mlima. Nilimwona mwanamke mmoja amebeba mtoto mgongoni na mwingine kifuani, chandarua kichwani badala ya khanga, nikarudi ndani kuchukua nguo na unga. Siku zilizofuata walipokuwa maelfu nilipita barabara ile ile na moyo haukushtuka tena. Hilo ndilo linanisumbua hadi leo. Yule mmoja alinipata, maelfu hawakunipata.

MgebukaMkavu (#22)
Mama, kuongezea tu kwa wasiojua: wakati ule Kagunga haikuwa na gati, Liemba ilikuwa inasimama mbali na ufukwe, watu wanafikishwa kwa mitumbwi midogo. Ilikuwa kazi.

NesiWaZamu (#23)
Mama Mawese, hilo lako si ugumu wa moyo. Mwaka 2007 Small, Loewenstein na Slovic waliwapa watu nafasi ya kuchangia njaa Afrika. Wengine wakaonyeshwa mtoto mmoja, Rokia, msichana wa miaka 7 wa Mali. Wengine wakapewa takwimu za mamilioni. Rokia peke yake alipata zaidi. Walipomweka Rokia pamoja na takwimu, michango ikashuka. Hisia zetu zinashika sura moja, hazijui kuhesabu.

Ticha_Kasulu (#24)
Ndiyo hoja ya Paul Bloom, mwanasaikolojia aliyeandika sana juu ya mambo haya mawili, huruma na mateso ya kuchagua. Anasema kuhisi anachohisi mwenzako ni taa yenye mwanga mwembamba: inamulika mmoja wa karibu na wengine wanabaki gizani. Kuna jaribio la mwanasaikolojia Batson, 1995. Watu walipewa habari za mtoto wa miaka 10, Sheri, mgonjwa sana, yuko kwenye foleni ya kupata huduma. Je, umsogeze mbele ya waliomtangulia, ambao huenda wana hali mbaya zaidi? Walioambiwa wajitahidi kuhisi anachohisi Sheri, wengi wao walimrukisha foleni. Na walijua si haki.

Mnyama wa Ujiji (#25)
Foleni ya kurukishwa tunaijua sana, haihitaji huruma, inahitaji shemeji dirishani.

Bwana Katonga (#26)
😂😂 Turudi kwa mbio za Mwandiga jamani. Mimi pia nakimbia, na ile raha ya baadaye ni endorfini, mwili unajitengenezea morfini yake. Hakuna falsafa.

Paroko Msaidizi si Mimi (#27)
Mkuu, endorfini ya kwenye damu haivuki kirahisi kuingia kwenye ubongo. Majaribio ya panya ya 2015 yalielekeza zaidi kwenye endokanabinoidi, kemikali za mwili zinazofanana na za bangi, ambazo zinavuka.

Kuna na maelezo ya zamani ya mwanasaikolojia Richard Solomon: kila hisia kali inafuatwa na kinyume chake, na ukirudia rudia, ile ya kwanza inapungua, kinyume kinakua. Wanaoruka kwa parachuti mara ya kwanza wanashuka wamepigwa na bumbuazi. Wakizoea, hofu inapungua na furaha ya baadaye inachukua masaa. Hapo hatuhitaji kujua kama mtu anapenda maumivu. Anapenda yanapoisha.

Muha Halisi (#28)
Na wengine wamechoshwa tu. Timothy Wilson, 2014: watu waliachwa peke yao chumbani dakika 15 wakae na mawazo yao, pembeni kuna kitufe cha kujipiga shoti. Walishaionja na kusema wangelipa wasipigwe tena. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga, wanawake 6 kati ya 24. Mmoja alijipiga mara 190. Hakuna ibada, hakuna nadhiri.

Jangwani_Kgm (#29)
Huyo wa 190 ni mwenzetu.

Mtumbwi Namba Moja (#30)
@NesiWaZamu swali la kikazi. Nilisoma kwamba dawa ya kawaida ya maumivu, paracetamol, inapunguza na uwezo wa kuhisi maumivu ya mwingine. Kweli?

NesiWaZamu (#31)
Ndiyo, Mischkowski na wenzake Marekani, 2016. Waliomeza miligramu 1,000 waliyaona maumivu ya watu wengine kuwa madogo kuliko waliomeza kidonge kisicho na dawa. Ni tofauti ndogo, msiache dawa mnapoumwa. Ila inaonyesha kwamba njia ya maumivu yangu na njia ya maumivu yako zinakutana mahali. Kwa hiyo Mama Mawese anaposema njaa mbili hazifanani namkubalia, lakini siwezi kusema hazina undugu kabisa.

Mzee Livingstone Road (#32)
Mwanangu Nesi, nikuulize lililobaki. Wale wauguzi wawili wa mwanzo, anayelia na aliyetulia. Mama wa yule mtoto alimtaka nani?

NesiWaZamu (#33)
Shikamoo baba. Siku za bandeji aliomba yule aliyetulia, kila mara, hata kama ilibidi asubiri zamu ibadilike. Siku ya kuruhusiwa alizunguka wodi nzima akimtafuta aliyelia, apate kumuaga.

Mama Mawese (#34)
Basi Ticha aniambie Bloom wake angelijibuje hilo.